Kifaru wa Kompyuta na Chumba Kisicho na Majani

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari karibu na Nanyuki. Niliwapeleka wanafunzi wangu katika hifadhi ya Ol Pejeta wakawaona Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani. Baada ya safari hiyo mwanafunzi mmoja alituonesha kwenye simu video ya kifaru wa aina hiyohiyo aliyetengenezwa kwa kompyuta na msanii wa Uingereza, Alexandra Daisy Ginsberg. Darasa liligawanyika. Wengine walisema kwamba kumtengeneza mnyama wa picha wakati wale wa kweli wamekwisha ni kuwadhihaki waliokufa, na wengine walisema kwamba video hiyo ni dalili kuwa teknolojia itawarudisha. Mimi mwenyewe sikujua niseme nini. Hii ni sanaa ya namna gani, na inasema nini hasa?

Jibu:

Mwalimu, makundi yote mawili ya wanafunzi wako yameona jambo ambalo kweli limo katika kazi hiyo, lakini naona yote mawili yamemkazia macho mnyama peke yake, na hapo ndipo mjadala wao ulipokwama. Ushauri wangu, ambao nitautetea katika jibu hili lote, ni kwamba mkiiangalia tena video hiyo darasani uwaombe wamwache kifaru kwa muda na watazame mahali alipowekwa.

Niseme kwanza kidogo juu ya msanii. Ginsberg alizaliwa mwaka 1982, akasomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaingia Royal College of Art ya London, na tangu wakati huo amekuwa akifanya kazi pamoja na wanabiolojia wanaobuni viumbe maabarani. Mwaka 2009, yeye na mbunifu mwenzake James King walishirikiana na wanafunzi wa Cambridge waliokuwa wamewabadili bakteria ili watoe rangi mbalimbali, na wakaanza kuuliza bakteria hao wangeishi wapi, wangetumiwa na nani, na nani angenufaika. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba msanii anayeitilia shaka teknolojia huwa ameiogopa kutoka mbali. Huyu amekaa nayo mezani, anawafahamu wanaoiunda, na anaitumia kwa ustadi katika kazi zilezile anazoihoji.

Kazi mliyoiona inaitwa The Substitute, yaani Mbadala. Ilitoka mwaka 2019 baada ya kuagizwa na makumbusho mawili ya ubunifu, Cooper Hewitt ya New York na Cube ya Kerkrade nchini Uholanzi. Katika ukumbi wa maonesho picha yake hurushwa ukutani kwa projekta, kwa upana unaozidi mita 5, ili kifaru awe na ukubwa wake halisi na mtazamaji ajikute akitazamana na mnyama ambaye angekuwa na uzito wa tani mbili. Kwenye simu kimo hicho hupotea, na pamoja nacho hupotea sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa msanii alikusudia mwili wa mtazamaji ujipime na mwili wa mnyama. Mwanzoni kinachoonekana si kifaru bali lundo la miraba mikubwa inayosogea ndani ya chumba cheupe. Kadiri lundo hilo linavyozunguka na kukizoea chumba, miraba inazidi kuwa midogo, mikunjo ya ngozi inaanza kujitokeza, masikio yanapata umbo, na sauti iliyokuwa imekatikakatika inageuka kuwa mkoromo na mguno wa kifaru. Kisha mzunguko unaanza upya, miraba inarudi, na mnyama analazimika kujifunza chumba tangu mwanzo.

Mwendo huo haukubuniwa na wachoraji peke yao. Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alikufa hapo Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, watafiti wa kampuni ya akili mnemba ya DeepMind walichapisha katika jarida la Nature jaribio la programu iliyofundishwa kujua ilipo ndani ya eneo la kubuni. Katika mafunzo hayo, ndani ya programu ulijitokeza mpangilio unaofanana na ule wa seli za ubongo zinazomwezesha panya, na binadamu pia, kujua yuko wapi na anaelekea wapi. Ugunduzi wa seli za namna hiyo ndio uliowapatia wanasayansi John O'Keefe, May-Britt Moser na Edvard Moser Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Ginsberg aliona matukio hayo mawili yamefuatana kwa wiki chache tu, yaani ubongo wa mwisho wa dume wa aina moja ukizimika na ubongo wa kutengenezwa ukipongezwa kwa kujua njia, akaamua kuyaweka pamoja. Alichukua njia ambazo programu ya aina hiyo hupita inapochunguza mahali pageni, na mafundi wa studio ya The Mill wakampa kifaru wao mwendo unaofuata njia hizo. Milio na tabia zilitoka kwingine, kwenye video na rekodi za mtafiti Richard Policht, aliyelichunguza kundi la mwisho la vifaru hao.

Hapa naliomba kundi la pili la wanafunzi wako lisikilize kwa makini. Kifaru wa kwenye video hafikiri, hajifunzi na hakui. Ni picha jongefu iliyotengenezwa na binadamu kwa kufuata njia zilizotolewa na programu, na ukiicheza mara mia atafanya yaleyale mara mia. Hakuna kinasaba cha kifaru ndani yake, wala hakuna hatua hata moja kutoka kwake kuelekea kwa mnyama anayepumua. Msanii hafichi jambo hili wala haitangazi kazi yake kuwa mwanzo wa ufufuo. Anachokitaja waziwazi katika maelezo yake ni ukinzani wa hali tunayoishi: tuna hamu kubwa ya kuumba vilivyo vipya na tunavipuuza vilivyopo tayari.

Sasa kile chumba. Ni cheupe na kitupu, na utupu wake umepangwa kwa uangalifu uleule uliotumika kuipanga mikunjo ya ngozi. Hakuna majani. Kifaru mweupe ni mla nyasi; mdomo wake mpana umefaa kukata nyasi fupi karibu kabisa na udongo, na ndiyo sababu kichwa chake huning'inia chini, tofauti na kifaru mweusi, ambaye bila shaka wanafunzi wako walimwona pia huko Ol Pejeta, mwenye mdomo wa juu uliochongoka wa kunyakulia majani ya vichaka. Kifaru wa Ginsberg amepewa mdomo huo mpana lakini hakupewa cha kukata. Hakuna tope la kugaagaa, na kugaagaa topeni ndiko kunakomkinga mnyama huyu na jua na wadudu. Hakuna rundo la kinyesi, ambalo vifaru hulinusa kujua ni nani amepita, ni wa jinsia gani, na kama ni mwenyeji au mgeni. Hakuna ndege wa kumdonoa kupe mgongoni. Hakuna kifaru mwingine. Ujuzi wote anaoupata ni wa kuzijua kuta, na kadiri anavyozijua ndivyo ngozi yake inavyozidi kutushawishi kwamba yu hai.

Huu ndio ukali wa kazi hii kwa maoni yangu. Ukamilifu wa picha na upungufu wa maisha vinaongezeka kwa pamoja. Akiwa bado miraba, hakuna anayeuliza anakula nini, kwa sababu miraba haili; akishakuwa kifaru kamili, swali hilo haliepukiki, na chumba hakina jibu. Wasanii wengi wanaotumia kompyuta kuonesha maumbile hufanya kila wawezalo ili mtazamaji asiuone upungufu huo: wanamwaga maua ukutani, maporomoko ya maji, mawimbi ya rangi, na mtu hutoka akiwa ameridhika. Ginsberg ameuacha upungufu ubaki wazi mbele ya macho yetu, na naheshimu sana uamuzi huo, kwa kuwa ni rahisi kwa msanii mwenye vifaa vya namna ile kushawishika kupaka kuta zake savana ya kupendeza.

Lipo jambo jingine ambalo huonekana tu mtu akifuatilia milio ile ilikotoka. Policht na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 2008, na kundi walilolirekodi lilikuwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Huko ndiko alikozaliwa Najin mwaka 1989 na binti yake Fatu mwaka 2000, na huko ndiko Sudan alikopelekwa mwaka 1975 akiwa angali mdogo, baada ya kukamatwa katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Desemba 2009 vifaru wanne, yaani Sudan, Suni, Najin na Fatu, waliletwa Ol Pejeta, Laikipia, kwa matumaini kwamba nyasi, jua na nafasi vingewafanya wazaane, lakini hakuna ndama aliyezaliwa. Kwa hiyo tabia alizopewa kifaru wa kompyuta ni za wanyama waliokwisha kufungiwa ugenini, ndani ya uzio, katika nchi yenye theluji. Wale wa nyikani wametoweka, na maisha yao hayawezi tena kurekodiwa. Hata ingebuniwa mashine bora mara elfu kuliko ya leo, ingekuwa na kile tu kilichokwisha kurekodiwa cha kunakili. Mara nyingi tunazungumza juu ya akili mnemba kana kwamba inajua yote, ilhali inajua kile tu ambacho mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kukirekodi.

Nirudi kwa wanafunzi walioona dhihaka. Naielewa hisia yao, na isingekuwa haki kuitupilia mbali, hasa kwa vijana wanaoishi umbali mfupi kutoka mahali Sudan alipokufa. Lakini kuna desturi ndefu ya Ulaya ya kumjua kifaru kwa picha badala ya kumjua kwa kukutana naye, na Ginsberg anaifahamu vyema. Mwaka 1515 kifaru wa Kihindi, zawadi kutoka kwa sultani wa Gujarat, alifikishwa Lisbon. Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, hakumwona kamwe. Alipata barua na mchoro wa haraka, akachonga picha ya mnyama aliyevaa magamba yanayofanana na deraya, mwenye pembe ndogo ya ziada karibu na mabega. Mnyama mwenyewe alizama baharini mwaka 1516 meli ilipovunjika ikimpeleka kwa Papa wa Roma, kiongozi wa Kanisa Katoliki. Picha haikuzama. Kwa zaidi ya miaka 200 Wazungu waliendelea kuinakili picha hiyo yenye makosa na kuamini kwamba ndiyo sura ya kifaru.

Kuanzia Desemba 2022 hadi Machi 2023, Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalimweka kifaru wa Ginsberg ndani ya maonesho yaliyoitwa The Lost Rhino, yaani Kifaru Aliyepotea, na ndani yake kulikuwa na picha iliyotokana na ile ya Dürer, kifaru aliyekaushwa na kujazwa kutoka katika akiba ya makumbusho, na filamu ya seli za moyo wa kifaru mweupe wa kaskazini zikidunda ndani ya maabara. Vyote vinne vinadai kuwa kifaru kwa namna fulani. Kimoja kina umbo lililokosewa, kingine kina ngozi bila uhai, kingine kina mapigo bila mwili, na cha mwisho kina mwendo bila mahali. Mtu akipita mbele ya vyote hivyo hawezi tena kusema kwamba msanii anamcheka mnyama. Wanaohojiwa ni sisi tuliomkusanya vipande vipande huku tukimwacha amalizike.

Lawama yangu kwa The Substitute iko kwingine, na ningependa wanafunzi wako waifikirie kwa sababu wao wana haki ya kuitoa kuliko mtazamaji wa New York. Chumba cheupe kinaondoa nyasi, na hilo limekusudiwa; lakini kinaondoa pia historia. Mwaka 1960 walikuwepo vifaru weupe wa kaskazini zaidi ya 2,000, katika ukanda unaopita kaskazini magharibi mwa Uganda, kusini mwa Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kusini mwa Sudan ya wakati ule na kaskazini mashariki mwa Kongo. Kufikia mwaka 1984 walikuwa wamebaki takriban 15 katika mbuga ya Garamba, Kongo. Kwa ulinzi wa karibu waliongezeka hadi wapatao 30, kisha vita na majangili vikawamaliza, na kwa miaka mingi sasa hakuna aliyeonekana huko. Pembe zao, ambazo ni keratini tupu kama kucha zetu, ziliuzwa Asia kwa ajili ya dawa, na katika miaka ya 1970 na 1980 nyingi zilikwenda Yemen kuwa mipini ya majambia. Askari wanyamapori wa Garamba wameuawa wakiilinda mbuga hiyo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana katika kazi ya Ginsberg. Maelezo yake yanataja tamaa ya pembe, lakini kwa jina la binadamu kwa jumla, na lawama inayogawiwa binadamu wote kwa usawa huwapunguzia mzigo walionunua, waliouza silaha na waliofaidika. Mtazamaji anaweza kutoka ukumbini akiwa na huzuni ya kweli bila kujua kwamba mahali panapoitwa Garamba pana watu wenye majina yao waliofanya kazi ya kumzuia mnyama huyu asitoweke. Naiona kuwa kasoro ya kazi nzuri, na siamini kwamba ingeharibika kama msanii angeirekebisha.

Sasa niwajibu wale wanaoamini kwamba teknolojia itawarudisha, kwa kuwa imani yao haikuzuka hewani. Mradi wa BioRescue, unaoongozwa na taasisi ya Leibniz ya utafiti wa wanyamapori ya Berlin kwa kushirikiana na Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na bustani ya Dvůr Králové, ulianza kuvuna mayai ya Najin na Fatu Agosti 2019. Mayai husafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Avantea mjini Cremona, Italia, ambako hurutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa zilizohifadhiwa katika baridi kali. Mwaka 2021 Najin aliachwa apumzike kwa sababu ya umri na afya, na tangu hapo mayai yote yametoka kwa Fatu. Kwa kuwa wote wawili hawawezi kubeba mimba, viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa yakaanza kukua, vinahitaji tumbo la kifaru mweupe wa kusini, na mimba ya kifaru huchukua miezi 16 hivi. Septemba 2023 kiinitete cha majaribio, cha kifaru wa kusini, kilipandikizwa hapo Ol Pejeta na kikashika. Mwezi wa Novemba mama mbebaji alikufa kwa maambukizi ya bakteria waliofumuliwa udongoni na mvua kubwa, na uchunguzi ukaonesha kijusi dume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4. Wanasayansi walilitangaza jambo hilo Januari 2024 kuwa ushahidi kwamba njia inawezekana, na ni kweli. Hata hivyo, waambie wanafunzi wako wautazame tena mlolongo huo: kilichoiua mimba ile hakikutoka maabarani, kilitoka kwenye mvua na udongo. Chumba cheupe hakinyeshi mvua.

Na yupo mbadala mwingine, mwenye nyama na damu, ambaye video haimtaji kwa sababu alikuja baadaye. Juni 2023 vifaru weupe wa kusini 16 walisafirishwa kutoka hifadhi ya Phinda, Afrika Kusini, wakaachiliwa Garamba, mahali palepale pa ndugu zao waliokwisha. Si nususpishi ileile, yaani si tawi lilelile ndani ya spishi moja ya kifaru mweupe. Vinasaba vyao vinatofautiana, na wapo wanaoona kwamba kuwaleta ni kuifunika historia. Mimi naona tofauti, kwa sababu wanakata nyasi, wanagaagaa, wanarundika kinyesi, na kwa kufanya hivyo wanaipa Garamba kazi iliyokuwa imekosa mtendaji. Tena wao wenyewe ni uzao wa manusura: mwishoni mwa karne ya 19 vifaru wa kusini walibaki chini ya 100, katika eneo moja la Natal, Afrika Kusini, na leo ni zaidi ya 15,000. Kilichowaokoa kilikuwa ardhi iliyolindwa, na baadaye wanyama kugawanywa katika hifadhi nyingi, kazi ya polepole ya karne nzima. Ukiweka kifaru wa Ginsberg na kifaru wa Garamba kwenye mizani moja, wa kwanza anafanana zaidi na marehemu kwa sura na sauti, wa pili anafanana naye zaidi kwa kazi anayoifanya duniani. Ningependa kusikia vijana wako wakijadiliana ni yupi kati yao anayestahili zaidi kuitwa mbadala.

Kazi nyingine za msanii huyu zinalirudia suala hili kwa milango tofauti. Mwaka huohuo wa 2019 alionesha Machine Auguries, ambamo programu inajifunza kuiga ndege wa Uingereza wanapoimba alfajiri, na ndege wa kweli wanafifia taratibu kadiri wa bandia wanavyojaza ukumbi. Ni kazi nzuri ya kusikiliza, ingawa fikra yake haiendi mbali kuliko ya kifaru. Resurrecting the Sublime ina uzito zaidi kwangu. Pamoja na Christina Agapakis wa kampuni ya Ginkgo Bioworks na mtafiti wa harufu Sissel Tolaas, Ginsberg alitafuta harufu za maua matatu yaliyotoweka, likiwemo Leucadendron grandiflorum la mlima wa Wynberg, Cape Town, ambalo mara ya mwisho lilionekana likiwa bustanini London mwaka 1806. Vinasaba vilichukuliwa kwenye mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, wataalamu wakakadiria ni molekuli zipi za harufu ambazo ua lingeweza kuzitoa, na Tolaas akazichanganya. Lakini hakuna awezaye kujua kipimo cha kila molekuli katika ua lenyewe, kwa hiyo mtu anayeingia ukumbini ananusa kitu kilicho karibu na ukweli, naye anaambiwa hivyo waziwazi. Yeyote anayetangaza kwamba atakirudisha kiumbe kilichotoweka angepaswa kuwa mkweli kiasi hicho.

Baada ya kazi hizo za maombolezo, tangu mwaka 2021 Ginsberg amegeukia Pollinator Pathmaker, na hapa naona ameisogeza mbele hoja yake. Mradi wa Eden, bustani kubwa ya mimea huko Cornwall, Uingereza, ulimwomba kazi kuhusu wadudu wachavushaji, na ilitarajiwa labda atengeneze sanamu ya nyuki. Badala yake alitengeneza programu inayopanga bustani. Mtu anaingiza ukubwa wa kiwanja, aina ya udongo na kiasi cha jua, nayo programu inachagua mimea na kuipanga ili iwahudumie wachavushaji wa aina nyingi kadiri inavyowezekana, bila kujali kama mpangilio huo unampendeza binadamu. Bustani ya kwanza ilipandwa Eden, ya pili Kensington Gardens mjini London mwaka 2022 kwa uratibu wa jumba la sanaa la Serpentine, na nyingine Berlin mwaka 2023. Watazamaji wa kazi hii ni nyuki, vipepeo, nondo na mbawakawa, na sisi ni watunzaji wa ukumbi. Teknolojia ileile ya kukokotoa iliyomzungusha kifaru ndani ya chumba kitupu sasa inatumika kupanga nani apande nini ardhini, na matokeo yake yananyauka yasipomwagiliwa.

Orodha ya mimea ya programu hiyo imeandaliwa kwa ajili ya bustani za Ulaya, kwa hiyo sikushauri muifuate Laikipia. Mnaweza kuleta kwenye udongo wenu mimea isiyowafaa nyuki wenu. Njia yake ya kuuliza ndiyo inayowafaa. Kama una vipindi viwili vya kutumia, ningependekeza cha kwanza muioneshe video kwa projekta, kubwa kadiri ukuta utakavyoruhusu, bila kusema neno, kisha kila mwanafunzi aandike vitu vyote ambavyo angelazimika kuviingiza katika chumba kile ili kifaru yule aweze kuishi humo mwezi mmoja. Wataanza na maji na nyasi. Wasukume zaidi: nyasi za aina gani, mvua ya miezi ipi, mbawakawa wa kuzika kinyesi, kifaru wa pili, uzio au kutokuwepo kwa uzio, mishahara ya walinzi, jirani mwenye mifugo ambaye pia anataka malisho. Kipindi cha pili wapange vitu hivyo kwa mafungu mawili, vinavyoweza kutengenezwa na kompyuta na visivyoweza, na hapo kundi la dhihaka na kundi la matumaini yatajikuta yanabishana juu ya jambo moja badala ya kila moja kutetea lake. Mkirudi Ol Pejeta, mwombeni mtunzaji wa Najin na Fatu awasahihishie orodha hiyo, kwa kuwa yeye anajua mengi ambayo hayajawahi kurekodiwa popote.